Bao na Dhumna Ni Michezo ya Aina Moja?

SWALI: Mhariri, salamu. Barazani kwetu Kibokoni, mwenzangu ashikilia kwamba bao, dhumna na karata ni michezo ya aina moja, kwa kuwa yote huchezwa watu wameketi. Mimi nakataa. Nani ana haki?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako hakukosea, ila amechagua kipimo hafifu, kwani kwa hicho hata kusuka ukili kungeingia. Kipimo chenye maana zaidi ni kuuliza mchezaji anajua nini na bahati ina nafasi gani. Katika bao, lenye mashimo 32 na kete 64, hakuna kinachofichwa: anayenamua, yaani anayeingiza kete zake ubaoni, huona kila shimo, na akishindwa hana wa kumlaumu ila hesabu yake. Katika dhumna, vipande 28 huchanganywa vikiwa vimefunikwa, kila mmoja akaficha vyake, hivyo bahati hutangulia na akili hufuata. Karata ziko upande huo huo wa dhumna.

Roger Caillois, mwanasosholojia wa Ufaransa, mwaka 1958, aligawanya michezo katika mafungu manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Hapo wanapata nafasi hata watoto wanaojifanya mama na baba, wakipika mchanga kwenye vifuu, na wale wanaolilia pembea za Idi. Naupenda mgawanyo huu, ingawa dhumna huangukia mafungu mawili kwa pamoja, jambo ambalo Caillois mwenyewe alilikubali kwa michezo ya namna hiyo.