Mdomo ulishonwa, pua ikabaki imelala

Mpiga picha mmoja hapa Morogoro aliwahi kuninyoosha pua bila kuniuliza. Nilikwenda kupiga pasipoti, akahangaika na kompyuta yake dakika mbili, akanikabidhi picha nne za mtu mwenye matundu ya pua yaliyolingana. Ofisini wakazikataa: "Kaka, huyu si wewe."

Nilizaliwa na mdomo uliopasuka upande wa kushoto (mdomo sungura msiniambie, silipendi hilo jina). Nilishonwa nikiwa na miezi mitano. Leo nina miaka 32: tundu la kushoto limelala, mdomo wa juu umebonyea kidogo, na masharubu hayaoti penye mshono. Mama alijilaumu miaka mingi. Mara alichelewa kunipeleka, mara daktari aliharibu.

Si lazima awe ameharibu mtu. Mpasuko huo hufika hadi chini ya pua. Gegedu (ule mfupa laini wa pua) la upande ule huwa limetandazika, na mara nyingi ufizi nao una pengo, kwa hiyo pua inakosa mfupa wa kuegemea. Upasuaji wa kwanza hufunga mdomo. Uso ukikua, upande mmoja unabaki nyuma.

Mzazi mwenye mtoto wa hivi, usimwache daktari nyuzi zikishatoka. Pengo la ufizi huzibwa kwa mfupa unaochukuliwa nyongani, aghalabu kati ya miaka 8 na 11, kabla jino la chonge halijashuka. Kwetu hakuna aliyelijua hilo, na chonge langu limeota kombo. Kovu likiwa jekundu na gumu miezi ya mwanzo, vumilia. Huchukua kama mwaka kutulia. Muulize daktari lini uanze kulikanda. Limau ambalo jirani atakuambia ulipake kwenye kovu, likae jikoni.

Pua yenyewe kwa kawaida husubiri uso umalize kukua, miaka 16 hadi 18 hivi, na mtu mzima pia hurekebishwa. Kuhusu gharama, shirika la hisani la Smile Train hulipia upasuaji wa midomo katika hospitali inazoshirikiana nazo, hata Tanzania. Uliza kama na marekebisho yamo.

Mwaka jana hatimaye nilimwona bingwa. Akauliza, "Kinachokusumbua ni nini hasa?" Nilikuwa nimejiandaa kusema sura. Nikajikuta nasema usiku napumua kwa tundu moja. Akamulika ndani: ukuta wa pua umepinda. Miaka yote hiyo nilidhani watu wote hulala mdomo wazi.