Ngozi mpya inakwama kwenye snea ya zamani: nikaze au nipige msasa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, Kigoma, napiga drams kwenye bendi yetu ndogo ya harusi. Baba mdogo kanirithisha seti yake ya Premier, drams za Kiingereza, anasema ni ya katikati ya miaka ya 1960. Ngozi zilikuwa zimechoka, nikaagiza mpya kutoka Dar: inchi 14 ya snea (ile ngoma yenye waya chini), 12 na 16 za tomu (zile zisizo na waya). Ya snea inaingia nusu, halafu inagoma. Mwenzangu anasema tukaze itashuka yenyewe, au tupunguze ubao kwa msasa. Tufanye lipi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Msifanye lolote kati ya hayo mawili. Ngozi utapata nyingine, ila ubao wa snea ile hutaupata dukani. Ukilazimisha kwa funguo, fremu ya ngozi, yaani duara lililoishikilia, inapinda na skrubu zinakula nyuzi zake. Na nyuzi za skrubu za Kiingereza za enzi zile hazifanani na za Kimarekani, kwa hiyo usitegemee kuokota skrubu yoyote ukaifunga.

Itoe hiyo ngozi, uirudishe taratibu kwa mkono bila ringi ya kuikandamiza, uone inakwama wapi. Ikigusa sehemu moja tu, tazama ile plastiki ya mapambo iliyozungushiwa ngoma kwa nje. Inapopishana huwa inaachia gundi uzeeni na kuvimba. Hiyo ni kazi ya gundi na kamba ya kubana usiku kucha, basi, tatizo limekwisha.

Ikigoma mzunguko mzima, na kwa Premier ya umri huo ndivyo ninavyotarajia, ngoma yako haina ugonjwa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 Premier walikuwa na vipimo vyao, ngoma pana kidogo kuliko zilizokuja kuwa za kawaida duniani. Zamani haikuwa shida. Ngozi ilikuwa ya ndama, inalowekwa na kukunjiwa kwenye fremu ya mbao, kwa hiyo kila kiwanda kilijipimia kivyake. Ngozi za plastiki ziliposhika soko, kuanzia Remo ya Marekani mwaka 1957, fremu ikawa ya chuma, na plastiki haikunjwi upya kama ngozi ya ndama. Hapo ikabidi viwanda vikubaliane.

Pima uhakikishe. Chukua uzi usiovutika, uzungushe kwenye ubao karibu na mdomo wa ngoma, kisha uunyooshe kwenye futi ya fundi cherehani. Inchi 14 kamili ni milimita 355.6, na mzunguko wake ni milimita 1117. Ngoma ya kisasa huwa chini ya hapo, kwa sababu ngozi lazima ielee, isibane ubao. Ukipata 1117 au zaidi, ngozi ya kawaida haitakaa hata ukiiombea. Pima na tomu zote mbili kabla hujafungua mifuko ya zile ngozi nyingine, maana duka halipokei iliyofunguliwa.

Njia iliyonyooka ni kuagiza ngozi za vipimo vya zamani vya Premier. Remo wamekuwa wakizitengeneza. Mwambie muuzaji aina ya ngoma, umri na kipimo ulichopata, usimtajie inchi peke yake. Chagua ya tabaka moja, iliyopakwa rangi nyeupe inayokwaruza, unene wa robo milimita. Mbao za zamani huimba vizuri na ngozi nyepesi. Hizi nene za tabaka mbili wanazopenda vijana zinaziba sauti uliyorithi.

Wakati unasubiri, tomu zinaweza kuvaa ngozi ya mbuzi. Loweka ngozi nyembamba kwenye maji baridi hadi ilainike, itandaze, weka juu fremu ya ngozi kuukuu, kisha sukumia pindo ndani kwa mpini wa kijiko, ukienda upande mmoja na wa pili yake. Ifunge kwenye ngoma ingali mbichi, kaza kidogo tu ipate umbo la mdomo, na ikaukie kivulini. Juani itapasuka. Masika yakiingia italegea na utalazimika kukaza, lakini kumbuka kulegeza kabla jua halijarudi. Chini ya snea usijaribu mbuzi. Pale panataka ngozi nyembamba mno, chini ya sehemu ya kumi ya milimita, ndipo zile waya za snea ziitike.

Siku ngozi sahihi ikifika, futa mdomo wa ngoma kwa kitambaa kikavu, uugeuzie kwenye kioo bapa gizani na tochi ya simu ndani. Mwanga ukipenya, ubao una bonde. Kwa snea, upande wa chini una mabonde mawili yanayotazamana. Hayo ni ya kiwandani, ndimo waya zinamolala, asije seremala mwenye bidii akakusawazishia. Paka mdomo nta ya nyuki, nyembamba kabisa, ngozi iteleze. Hapa Tabora nta haitusumbui, nawe huko hutaikosa.

Kaza skrubu zote kwa vidole hadi zigome. Kisha nusu mzunguko kwa funguo, skrubu na inayoitazama, usifuate duara. Bonyeza katikati kwa kiganja, ukisikia gundi ya fremu inalia usishtuke, na endelea robo robo hadi mikunjo iishe. Sasa laza ngoma kwenye mto ili ngozi ya chini inyamaze, gonga sentimita tatu kutoka kila skrubu, na panapoimba chini paongeze kidogo. Upande wa chini wa tomu mimi huupandisha sauti juu kidogo kuliko wa kupigia.

Besi hukuiuliza, ila ipime nayo. Na zile ngozi kuukuu usizitupe, fremu zake ndizo utakazofungia mbuzi.