Kabla Hujabeba Gunia: Kwa Mnaoingia Kwenye Kazi ya Kugawa Chakula Nairobi

Masika yakifika, kati ya Machi na Mei, mto Mathare na mto Ngong hufurika, na vijana hujitokeza kwa wingi kusaidia. Moyo huo naupenda. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi, nilianza kwa kubeba magunia na sasa napanga nani apate nini, na kwa mnaojiunga nina ombi moja: msianze kwa kuuliza tuna chakula kiasi gani. Ulizeni kwanza, huyu mama jioni ya leo atapikia wapi, na atapikia nini?

Chukua usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024. Maji yaliingia kwenye nyumba za mabati Mathare na Mukuru watu wakiwa wamelala. Kulipokucha jiko limesombwa, makaa yamelowa, sufuria zimezama kwenye tope lililochanganyika na maji ya choo. Mtu wa namna hiyo ukimpa mahindi makavu na maharagwe, umempa mzigo tu. Githeri inataka saa kadhaa motoni, naye moto hana. Atauza yale mahindi kwa bei ya kutupa ili watoto wapate chapati na chai, kisha utasikia watu wakisema waathiriwa wanauza msaada. Usikubali maneno hayo. Aliyeuza alikuwa akitafuta chakula kinacholika.

Kwa hiyo siku za mwanzo, peleka chakula kilichopikwa. Tafuta shule au kanisa lililo mahali pa juu, azima sufuria kubwa, na uwatafute akina mama wa mtaa wanaopikaga matangani na harusini. Hawa wanajua kupikia watu mia tatu kuliko mtaalamu yeyote utakayemtoa ofisini. Walipwe, tafadhali, nyumba zao nazo ziliingia maji. Wali na ndengu, ugali na kabeji, uji asubuhi. Ndengu na kamande huiva upesi kuliko maharagwe, na makaa siku hizo huwa ghali. Kipindupindu hupenda kufuata mafuriko, basi maji ya kupikia na ya kunywa yatiwe dawa: kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji meupe, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Vidonge viko vya ukubwa tofauti, kwa hivyo soma pakiti kila mara. Chakula kikishaiva kiliwe ndani ya saa mbili. Kilichobaki usikiweke cha kesho, hata kama roho inakuuma kukimwaga.

Watu wakishapata pa kulala na jiko la kuwasha, ndipo unaingia mgao wa chakula kikavu. Hapa hesabu ni lazima. Mtu mmoja anahitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku, na mgao unaotumika sana ni nafaka gramu 400, ndengu au maharagwe gramu 60, mafuta gramu 25, unga wa uji ulioongezwa virutubishi gramu 50, pamoja na sukari na chumvi kidogo. Familia ya watu watano kwa siku 15 itahitaji nafaka kilo 30, ndengu kilo 4 na nusu, na mafuta karibu lita mbili. Izoee hesabu hii mpaka uifanye ukiwa umesimama kwenye matope, maana wafadhili wengi wa papo kwa hapo huleta unga peke yake. Washukuru, kisha waombe mafuta na ndengu. Unga unajaza tumbo, lakini mtoto hakui kwa unga mtupu.

Sasa orodha. Hapa ndipo nataka mkae sana, kwa sababu gari likishafika huna tena nafasi ya kurekebisha orodha mbovu. Hesabu familia kwa chungu: wanaokula pamoja ni familia moja hata wakilala vyumba viwili, na chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi kinaweza kuwa na familia mbili. Orodha ya mzee wa kijiji ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini isiwe ndiyo ya mwisho. Mzee anawajua waliokaa sana. Mzee huyo hamjui mpangaji aliyehamia mwezi jana, mgeni kutoka nchi jirani anayeogopa chifu, kijana anayeishi peke yake, wala shosho asiyetoka kitandani ambaye mjukuu wake yuko kazini mchana kutwa. Mwenye ploti naye anaweza kukuandikia vyumba vyake vyote kwa jina lake. Pita mlango kwa mlango na mtu wa mtaa, mwanamke mmoja angalau, kisha isomeni orodha hadharani, watu waseme nani hayumo na nani hapaswi kuwemo. Kelele zitakuwepo. Afadhali zije siku hiyo kuliko siku ya lori.

Na msidai kitambulisho kana kwamba ni tiketi. Kitambulisho kimekwenda na maji pamoja na godoro. Majirani wawili wakithibitisha, inatosha.

Kuna jambo lingine tulilolijua vizuri Mei 2024, serikali ilipoamuru watu waondoke kando ya mito na nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 zikabomolewa. Waliohamia kwa ndugu Huruma, Kariobangi au mbali zaidi wakatoweka kwenye orodha zilizoandikwa kwa namba ya nyumba, kwa kuwa nyumba yenyewe haipo tena. Waandikeni watu kwa majina, na mbele ya kila jina iwepo simu ya jirani au jamaa. Mwenye mafuriko mgongoni na ubomozi kichwani ndiye anayehitaji chakula zaidi, na ndiye rahisi kumpoteza.

Siku ya kugawa, mkusanyiko ndio hatari kubwa. Aprili 2020, wakati wa korona, watu walijeruhiwa Kibra kwenye msukumano wa kugombea chakula. Gawa kwa sehemu ndogo ndogo, kila kijiji na saa yake, na mtangaze saa hiyo jana yake. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu wawe na mstari wao na kivuli. Geti la kuingilia lisiwe la kutokea. Malizeni mapema, mama asitembee na mafuta na unga kwenye vichochoro giza likiwa limeingia. Mgao usimsubiri mgeni yeyote, awe mheshimiwa au mfadhili. Watu waliolala njaa hawapaswi kusimama juani ili mtu apigwe picha.

Pesa kwa simu mara nyingi ni bora kuliko gunia, hasa Nairobi ambako unga upo dukani hata wakati mto umejaa. Mtu hununua anachohitaji, na mama mboga wa mtaa naye hufufuka. Lakini kabla hujaamua, tembea masoko ya Gikomba na Marikiti na vibanda vya mtaani ukauliza bei ya unga, mafuta na makaa. Mafuriko yakikata barabara au kusomba vibanda, pesa inapandisha bei tu. Halafu laini ya simu: iliyopotea haipatikani tena bila kitambulisho, na kitambulisho ndicho kile kilichokwenda na maji. Watu hao watengenezee njia nyingine tangu mwanzo, vocha au chakula chenyewe, wasiachwe nje kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga msiyapokee wala kuyagawa, hata yaje na tabasamu kubwa kiasi gani. Bila maji safi na chupa iliyochemshwa, yanaharisha na kuua, na mama akiacha kunyonyesha maziwa yake hupungua. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa hayo. Mpe mama anayenyonyesha chakula cha ziada, maji, na mahali pa kukaa kwa faragha. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Yeye si wa kungoja mgao.

Ghalani, panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5 yakataeni. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iliua watu 125 mashariki mwa nchi, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na kuyachemsha hakuiondoi sumu hiyo. Chakula cha msaada kinaliwa na mtu ambaye hana cha kuchagua, kwa hivyo sisi ndio tunaomchagulia.

Mwisho, jambo ambalo wageni wa kazi hii huona aibu kulitaja. Chakula hiki ni cha bure. Hakidaiwi pesa ya usafiri, hakidaiwi kura, hakidaiwi mwili wa mtu. Liandikeni hilo kwa herufi kubwa pale mnapogawia, kwa Kiswahili, na mlitangaze kwa kipaza sauti kabla ya mtu wa kwanza kupokea. Wekeni dawati la malalamiko lenye mwanamke na mwanamume, pamoja na namba ya simu isiyotozwa. Anayeipokea simu hiyo awe mtu ambaye hakuandika orodha na hakusimama mezani siku ya kugawa.