Kushusha Mark X bila kuua shokapu

Mashimo ya Dar yanasingiziwa mengi. Koilova (shokapu zilizovishwa springi, zinazorekebishika kimo) nyingi huuliwa gereji, siku ile ile zilipofungwa, na fundi aliyeshusha gari kwa kulegeza springi.

Seti nzuri ina sehemu mbili za kurekebisha: ringi zinazobana springi, na mguu wa chini unaozunguka kwenye nyuzi za ganda la shokapu. Kimo tafuta kwenye mguu. Ukiteremsha ringi ili gari lilale, shafti inakaa imezama ndani muda wote, nafasi ya kusafiri inabaki ndogo, na kila tuta linaishia kwenye raba ya ndani, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho. Sili zinachoka, mafuta yanavuja. Springi nayo inakuwa huru gari likinyanyuka, ndipo unaposikia ule mlio wa "kong".

Kwa hiyo shokapu ikiwa bado mkononi, zungusha ringi mpaka springi iguse, ongeza milimita 2 hadi 5 kwa spana ya ndoano, kisha kaza ringi ya kufungia. Usikate raba ya ndani ili gari lishuke zaidi, hata fundi akikuapia.

Kimo pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda; ukipima kutoka chini, upepo wa tairi na sakafu ya gereji vitakudanganya. Sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Zaidi ya hapo, rampu ya pantoni pale Magogoni maji yakipwa itakudai bampa, achilia mbali matuta ya mtaani yaliyojengwa kwa hasira.

Kabla ya kulipa, soma kibati cha chesisi. GRX130 inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, GRX135 ni ya magurudumu manne, na shokapu zao za mbele haziingiliani. Kwa barabara zetu springi ya mbele yenye ugumu wa kilo 6 hadi 8 kwa milimita inavumilika. Ya 12 waachie wa mashindano. Ukinunua shokapu iliyotumika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, isukume shafti taratibu: ikipita mahali bila ukinzani, irudishe. Vipele vya kutu kwenye shafti vitachana sili. Wa Kigamboni na Mbezi Beach, osheni nyuzi mara kwa mara kwa sababu ya chumvi, lakini msipake grisi nzito, inashika mchanga.

Kosa linalorudiwa sana: boliti za mikono ya sasipensheni kukazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishuka, bushi (raba za viungo vya mikono hiyo) zinabaki zimejisokota na baada ya miezi zinachanika. Zifunge kwa vidole tu, shusha gari likalie magurudumu, ndipo ukaze.

Ugumu wa shokapu: zungusha kitasa chake kuelekea kulia mpaka mwisho bila kulazimisha, kisha rudi nusu ya kliki zote. Kushoto na kulia ziwe sawa. Gari likinesa mara mbili tatu baada ya tuta, ongeza kliki 2. Likitetema na kurukaruka kwenye rasta za barabarani, punguza 2.

Endesha kilomita 200 hadi 300 springi zikae, pima kimo tena, halafu nenda alaimenti, kupangwa pembe za magurudumu. Kamba (camber, gurudumu kuinamia ndani kwa juu) ya mbele digrii hasi 1 hadi 1.5 haina tatizo. Too (toe, magurudumu kuelekea ndani au nje kwa mbele) iwe karibu na sifuri, maana ndiyo inayokula ukingo wa ndani wa tairi wakati wenzako wakiilaumu kamba. Usiku ule ule elekeza taa ukutani. Nyuma ikishuka kuliko mbele, utawamulika watu machoni.