Kinachozeeka mara nyingi ni betri

Swali la wiki liliuliza: simu ikianza kuwa nzito, tuitengeneze au tununue nyingine? Mimi nasema itengenezwe, na fundi aanze na betri.

Simu yangu, ilipofika mwaka wa nne, ilikuwa ikizima ghafla ikiwa na chaji asilimia 30, hasa nilipofungua kamera. Nikiichomeka kwenye chaja, inawaka na kuonyesha asilimia 30 ileile. Betri ya lithiamu inapochakaa, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, huongezeka, hivyo prosesa, ubongo wa simu, inapodai umeme mwingi kwa mkupuo, volteji hushuka kupita kiasi na simu hujizima ingawa chaji bado ipo. Dawa ya baadhi ya watengenezaji ni kuipunguzia prosesa kasi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikifanya hivyo kwa baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja. Dawa yenyewe siilaumu, maana afadhali simu inayojikokota kuliko inayokatika katikati ya maongezi. Ninacholaumu ni ukimya, kwa kuwa anayejua kwamba tatizo ni betri hubadilisha betri, na asiyejua hununua simu nzima.

Kuibadilisha, hata hivyo, ni kazi. Nilimtazama fundi akipasha moto kingo za simu, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki chini ya kioo, kisha akahangaika na betri iliyogandishwa kwa gundi, asithubutu kuichokonoa kwa bisibisi, kwani betri ikitoboka inaweza kulipuka moto. Alitumia karibu saa nzima kutoa kitu ambacho zamani tulikitoa kwa ukucha. Watengenezaji hujitetea kwamba gundi huzuia maji. Lakini Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilistahimili maji huku mfuniko wake wa nyuma ukifunguliwa kwa mkono.

Kwa hiyo naiunga mkono kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Simu yangu sasa iko mwaka wa sita, na kamera inafunguka hata chaji ikibaki asilimia 10.