Kuruka ukiwa na mafua: usiende kesho

Mdogo wangu, umeuliza kama uruke kesho na mwalimu wako wa urubani kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi Mombasa ukiwa na mafua, maadamu umemeza Piriton na pua imefunguka kidogo. Usiende.

Kupanda huenda kusikusumbue. Hewa iliyo ndani ya sikio la kati hutanuka na kutoka yenyewe kupitia mrija mwembamba unaofika nyuma ya pua. Kazi iko kwenye kushuka. Wilson ni karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na mtapanda zaidi ya hapo. Mombasa ni pwani kabisa. Mgandamizo wa nje unaongezeka, mrija uliovimba unajibana, na ngoma ya sikio inavutwa ndani. Maumivu ni makali, yanaweza kuja na kizunguzungu, na yanakukuta mnajiandaa kutua, mikono ikiwa na kazi tele. Kubana pua na kupuliza taratibu humsaidia mzima. Kwa mafua mazito hewa haipiti, na ukilazimisha utajiumiza.

Halafu hiyo Piriton. Inaleta usingizi na kupunguza wepesi wa kufikiri, hata unapojiona uko macho. Mimi hiyo inanitia hofu kuliko sikio.

Mpigie mwalimu leo jioni, umwambie wazi. Kujikagua mwili ni sehemu ya umahiri anaokufundisha, sawa na kukagua mafuta. Panga upya safari ukishapona, masikio yote mawili yanafunguka bila shida ukiwa chini, na dawa imeshakutoka mwilini.