Kabla hujaamini asilimia, uliza nani alikuwepo swali lilipoulizwa

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kuhoji watu, dodoso mkononi, nikitoka kaya hii kwenda ile. Kuna mama mmoja sijamsahau. Nilimuuliza ana imani kiasi gani na viongozi waliochaguliwa: kubwa, ya wastani, ndogo, au hana kabisa. Akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka kuangalia chumba cha ndani, mumewe alikuwa anakohoa huko. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Andika kubwa, mwanangu." Nikaandika. Kule kugeuka kwake hakukuwa na pa kuandikwa. Ilibaki alama ya vema kwenye kisanduku.

Tangu hapo, matokeo ya kura ya maoni yakitangazwa sikimbilii asilimia, na wewe nakusihi usizikimbilie. Tafuta kwanza swali lenyewe, neno kwa neno. Tafuta na aliyeuliza, na waliokuwa wakisikiliza.

Wengi hubishia idadi: watu 1,200 watawasemeaje mamilioni? Hilo halinisumbui. Watu 1,000 wakichaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni kama asilimia 3 juu au chini, nchi iwe na watu milioni 5 au milioni 200. Shida iko kwenye namna ya kuwapata. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati uchumi umeanguka na maskini hawana hata kimoja. Tena waliorudisha karatasi ni wale tu waliojisikia kurudisha. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu, kwa sampuli ndogo zaidi kwa mbali, alimpata mshindi. Kwa hiyo zile kura za kubonyeza mitandaoni mimi huzipita tu, hata wakipiga watu laki tano.

Maneno ya swali ndiyo yananiuma zaidi. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alionyesha matokeo ya maswali mawili yaliyoulizwa Marekani kuhusu hotuba za kupinga demokrasia. Walipoulizwa kama ziruhusiwe, asilimia 62 walisema zisiruhusiwe. Walipoulizwa kama zipigwe marufuku, waliokubali walikuwa asilimia 46. Jambo ni lile lile, lakini "marufuku" ni neno zito, watu hulikwepa.

Kisha kuna wanaojibu wasilolijua. Mtafiti George Bishop na wenzake waliwauliza Wamarekani kuhusu sheria ya mwaka 1975 ambayo haikuwahi kuwepo, na kama theluthi moja wakatoa maoni. Siwashangai. Mtu amekupa kiti, amekatiza shughuli zake, anaona aibu kukurudisha mikono mitupu, basi anatafuta jibu papo hapo. Tulifundishwa kunyamaza na kutotikisa kichwa, maana ukitikisa kidogo tu anakufuata. Ukisoma matokeo, angalia waliosema "sijui" ni wangapi. Wakiwa karibu na sifuri kwenye suala gumu, mimi hupata wasiwasi.

Na hayo maoni hutoka wapi? Mtafiti wa jamii Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, huko Marekani, wakati wa uchaguzi wa 1940. Waliona kampeni za redio na magazeti zikiwageuza wachache tu. Wengi walipiga kura kama watu wa nyumbani kwao na rafiki zao. Nililiona hilo kwangu mwenyewe. Nilikuwa na msimamo mkali kuhusu kodi, nikiamini nimeufikia kwa kusoma. Siku moja katikati ya mabishano nikajisikia nikisema sentensi ya baba, neno kwa neno, hadi pale anapovutia pumzi. Msimamo huo bado ninao kwa sehemu kubwa, lakini ilinibidi nikasome hoja za upande wa pili kutoka kwa wenyewe, si kwa wanaowapinga.

Jaribu na wewe. Chukua jambo unaloliamini sana, ujiulize nani alikuambia mara ya kwanza. Kisha jiulize nani atanuna ukibadilika. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo lililokuwa likimsumbua yule mama.

Tafiti nzuri huyapa mambo haya nafasi. Afrobarometer, mtandao unaofanya tafiti za maoni katika nchi za Afrika, kwa mfano, humuuliza mhojiwa mwishoni anadhani nani amewatuma wahojaji, kisha mhojaji hujaza kama kulikuwa na watu wengine karibu. Dodoso letu nalo lilikuwa hivyo. Mwanzoni nilikuwa nimemsomea yule mama jina la taasisi yetu, taratibu, mara mbili. Nilipomuuliza nani amenituma, akanitazama usoni: "Serikali, au siyo?"

Nikaandika serikali. Kisha, nikiwa nimeshatoka nje, nikafungua ukurasa wa mwisho na kuweka vema kwenye kisanduku cha mwenzi wa ndoa.